Naombeni ushauri: kusoma mambo ya afya na lishe kwa masafa

Wakuu habari za jioni. Mi niko Kahama nauza spea za pikipiki, asubuhi mpaka usiku nimekaa tu kwenye stuli, mwaka jana nikapimwa presha ikakutwa iko juu na nina miaka 34, daktari akaniambia chumvi isizidi gramu 5 kwa siku na nitembee angalau dakika 150 kwa wiki, basi ndo nikaanza kusoma haya mambo mwenyewe kwenye simu.

Nikakutana na kozi za bure za OpenLearn, ile ya Open University ya Uingereza, lishe, usingizi, stresi, zote zipo. Nimemaliza mbili. Shida Kiingereza chao, natafsiri mpaka kichwa kinauma, halafu mwisho unapewa karatasi ya ushiriki tu, sio cheti cha kuombea kazi.

Sasa nimenogewa, nataka nisome kabisa. Kuna "chuo" kimoja cha WhatsApp kilishanila elfu 50 ya fomu kikapotea (wife hajui mpaka leo), kwa hiyo safari hii naangalia kwanza kama chuo kimesajiliwa NACTVET (wasimamizi wa vyuo vya kati na ufundi) au TCU (wa vyuo vikuu).

Waliosoma Chuo Kikuu Huria huku wanafanya kazi, mliwezaje? Duka siwezi kufunga. Na hii fani mambo ya prakitiko yanakuwaje kama unasoma kwa mbali? Au niendelee tu na za bure, hela ninunulie mzigo?