Laptopu kwenye sola ya 100W na betri ya N50: inveta inalia baada ya dakika 40, niongeze nini?

Mwl_Namtumbo

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri wa wanaoijua sola kabla sijatoa hela mfukoni. Niko kijijini wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, nguzo za umeme hazijafika upande wetu. Nilichonacho:

Paneli moja ya 100W (nyuma imeandikwa Vmp 18V, Imp 5.55A, yaani volti na ampea zake ikitoa nguvu kamili), kontrola ya chaji ya 10A aina ya PWM (ile rahisi), betri ya gari N50 ya maji (ampea-saa 50, yaani 50Ah), inveta ya 300W ya kawaida, siyo pyua sain (ya mawimbi laini kama umeme wa gridi). Taa tatu za 5W na simu mbili.

Betri iko stoo, inveta iko mezani chumba cha pili. Nimeivuta kutoka kwenye kontrola, pale penye alama ya taa, kwa waya wa 1.5, kama mita 6. Laptopu ni HP, chaja yake 19.5V 3.33A, betri ya ndani 45Wh (wati-saa). Naitumia jioni kuingiza alama na kuandaa masomo, saa nne hadi tano.

Tatizo: dakika 40 hivi inveta inaanza kulia, kisha inakata. Nikizima kila kitu na kupima betri inasoma 12.3V. Fundi ananiambia ninunue betri ya N100 na inveta ya 1000W. Ndiyo dawa?

Waya_Mnene

Mwalimu, usinunue chochote kwanza. Hiyo 12.3V inasema betri haijaisha. Inveta inakata kwa sababu volti zinapotea njiani kabla hazijaifikia.

Laptopu ikifanya kazi huku inachaji, chaja inatoa karibu 65W. Chaja inapoteza kidogo, inveta nayo inapoteza, kwa hiyo kwenye betri zinatoka kama 87W. Gawa kwa 12V, ni 7.3A. Waya wako ni mita 6 kwenda na 6 kurudi, jumla mita 12. Shaba ya 1.5mm² ya urefu huo ina ukinzani wa karibu 0.14 ohm. Zidisha na 7.3A: volti 1 nzima inaishia kwenye waya. Ongeza 0.2V au 0.3V za ndani ya kontrola na kwenye viungio. Betri ikiwa na 12.0V chini ya mzigo, inveta inaona 10.7V, na nyingi za aina hiyo huanza kulia kati ya 10.5V na 11V.

Na hapo nimehesabu shaba halisi. Kwangua waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hasara inapanda kwa zaidi ya nusu.

Thibitisha mwenyewe. Weka mita kwenye DC 20V, laptopu ikiwa inachaji. Gusa vichwa vya betri, andika. Kisha gusa skrubu za inveta, andika. Tofauti ikizidi 0.4V, tatizo ni waya.

Dawa isiyo na gharama: hamishia inveta stoo, isizidi mita 1 kutoka kwenye betri, halafu mezani uvute ekstensheni ya upande wa 230V. Upande huo zinapita ampea 0.3 tu, kwa hiyo waya huohuo wa 1.5 unatosha bila wasiwasi.

Jua_Kali_255

Naongezea. Inveta usiifunge kwenye alama ya taa ya kontrola. Inapowashwa inavuta kwa kishindo ili kujaza kapasita zake, na swichi ya ndani ya kontrola ya 10A haikutengenezwa kwa hilo. Ikiungua, mara nyingi inabaki inapitisha umeme muda wote, kwa hiyo kontrola haikati tena hata betri ikiisha kabisa. Ifunge moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ya 40A karibu na kichwa cha chanya.

Kuhusu inveta ya 1000W, hapana. Inveta kubwa inakula zaidi hata isipobeba kitu. Hiyo ya 300W peke yake inaweza kula 6W hadi 10W bure, ya 1000W inaweza kuzidi hapo, na mzigo wako ni ileile laptopu moja.

Mwl_Namtumbo

Nimepima kama ulivyoelekeza @Waya_Mnene. Kwenye betri 12.0V, kwenye inveta 10.8V. Waya una weupe ndani. Nashukuru sana, nilikuwa natafuta hela ya betri.

Swali: je, kuna namna ya kuchaji laptopu bila inveta kabisa?

Dada_Voltaji

Ipo, na kwa mfumo mdogo kama wako ndiyo njia ninayoitetea kila mara. Fikiria unachofanya sasa: unachukua 12V, unaipandisha hadi 230V, halafu chaja inaishusha tena hadi 19.5V. Kila hatua inakata kodi yake. Konveta ya DC inapandisha 12V hadi 19.5V mara moja, na nzuri inafikisha asilimia 90 hadi 95.

Njia ni mbili. Kama laptopu ina tundu la USB-C linalopokea chaji, nunua chaja ya gari ya USB-C yenye PD (mfumo wa USB wa kuchaji kwa nguvu kubwa), 65W kwa tundu moja. Soma maandishi madogo: nyingi zinaandikwa 100W lakini hizo ni jumla ya matundu yote. Inatakiwa iandikwe 20V 3.25A. Waya wake pia uwe wa 60W au 100W. Wa simu wa kawaida mara nyingine hauna uwezo huo. Si kila tundu la USB-C linapokea chaji, kwa hiyo kabla ya kununua azima chaja ya USB-C ya 65W kwa mtu, chomeka, uone kama taa ya chaji inawaka.

Kama halipokei, tafuta chaja ya gari ya laptopu yenye pini ya HP. Kama yako ni pini ya bluu, ni ya 4.5mm na katikati ina kisindano chembamba. Kisindano hicho hakileti umeme wa kuchaji, kinaiambia mashine chaja ni ya wati ngapi. Kikikosekana, mashine inaweza kukataa kuchaji au kufanya kazi polepole kwa makusudi. Dell nao ni hivyohivyo. Kwa hiyo usikate pini ya chaja mbovu na kuunga nyaya mbili tu.

Zile za kubadilisha volti kwa swichi (15, 16, 18, 19, 20, 24) ziogope. Swichi ikisogea hadi 24 umeua ubao mama. Ukilazimika kuitumia, pima kwa mita kabla ya kuchomeka, kisha gandisha swichi kwa gundi.

Faida nyingine: konveta ya 65W inavuta karibu 6A. Taa zako tatu ni 1.25A. Jumla 7.25A, kwa hiyo inaruhusiwa kupita kwenye alama ya taa ya kontrola yako ya 10A, na kontrola itakata yenyewe betri ikishuka, kabla haijaumia. Inveta ukiifunga kwenye betri moja kwa moja unakosa ulinzi huo, maana yenyewe inakata kwenye 10V hivi, na hapo betri imeshaumia.

Waya wa kufika mezani uwe shaba ya 2.5mm². Kwa mita 6 na 6A unapoteza kama nusu volti, na konveta haina shida na hilo.

Kijana_wa_Paneli

Kwa nini asichomeke konveta moja kwa moja kwenye paneli mchana? Paneli inatoa 18V, laptopu inataka 19, zinakaribiana.

Dada_Voltaji

Hapana, ndugu yangu. Hiyo 18V ni paneli ikiwa na mzigo sahihi. Bila mzigo inafika 21V hadi 22V, na wingu likipita nguvu inaanguka chini ya kile konveta inachotaka. Konveta inazima, volti zinapanda, inawaka tena, inazima tena, mara nyingi kwa dakika. Betri katikati ndiyo inayotuliza. Na lile tundu la USB la kwenye kontrola ni 5V 2A, yaani 10W. Ni la simu.

Hesabu_Kwanza

Mwalimu, sasa tuone kama paneli yako inaubeba mzigo, maana waya ukishapona hili ndilo litakalofuata.

Laptopu kwa kazi za kuandika inakula wastani wa 20W. Saa 5 ni 100Wh. Kupitia inveta inakuwa kama 170Wh, yaani 14Ah. Kupitia konveta ni 109Wh, yaani 9Ah. Taa tatu kwa saa 4 ni 5Ah. Simu mbili kama 2.5Ah. Jumla: na inveta 21.5Ah kwa siku, na konveta 16.5Ah.

Paneli: 5.5A kwa saa 5 za jua kamili ni 27Ah. Toa joto, vumbi na hasara ya kuchaji, inabaki 22Ah. Kiangazi unapita hata kwa inveta, ila kwa kubanana. Mvua za huko Ruvuma, Desemba hadi Aprili, siku ya mawingu ukipata saa 3 ni 13Ah. Hapo hata konveta haitoshi, punguza matumizi.

Lakini jambo kubwa ni muda. N50 ni betri ya kuwashia gari. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha kujazwa palepale. Ukiichimba theluthi au nusu kila usiku itachoka haraka. Kwa hiyo laptopu ichajiwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ikiwa imezimwa. Wakati huo paneli inatoa 4A hadi 5A, na karibu yote inaenda kwenye laptopu bila kuigusa betri. Kutoka sifuri inajaa kwa saa mbili hivi. Usiku unatumia 45Wh za ndani: punguza mwanga wa skrini, washa hali ya kuokoa betri, ikishuka hadi 15W una saa 3. N50 ibaki na taa na simu.

Mwl_Namtumbo

Hapo pagumu kidogo. Mchana laptopu naenda nayo shule.

Hesabu_Kwanza

Basi kiache nyumbani kitu kingine kikichajiwa. Pawabenki ya 20,000mAh ni 74Wh. Ukitoa hasara unapata kama 60Wh kwenye laptopu. Iwe na USB-C PD ya kutoa 65W, na laptopu iwe inapokea USB-C. Ichajiwe mchana kwa chaja ileile ya gari. Ukirudi na laptopu yenye asilimia 40, ukaongeza pawabenki, saa 5 za kazi zinatimia bila kuvuta kwenye N50. Isikae juani wala chini ya bati lenye joto, lithiamu haipendi.

Waya_Mnene

Kama tundu halipokei, usikimbilie N100 ya gari. N50 hii ikichoka, weka betri ya sola ya deep cycle (inayostahimili kuchimbwa kila siku), au lithiamu ya LiFePO4 12.8V 50Ah ambayo unaweza kutumia asilimia 80 kila siku bila kuiumiza. Lakini hakikisha kontrola ina mpangilio wa lithiamu. Za PWM za zamani zina ule wa betri za risasi (kama hiyo N50) tu, na baadhi hupandisha volti mara kwa mara kusawazisha seli, kitu ambacho lithiamu haitaki.

Kwa hii ya sasa, kagua maji kila mwezi. Ongeza maji ya betri tu, sahani zifunikwe, usiongeze asidi. Pima asubuhi kabla jua halijapanda, taa zikiwa zimezimwa: 12.7V imejaa, 12.4V robo tatu, 12.2V nusu. Ukiamka na 12.2V mara kwa mara, unatumia kuliko unachoingiza.

Jua_Kali_255

Ukitaka kuongeza paneli ya pili ya 100W kwa ajili ya masika, kumbuka mbili sambamba ni 11.1A. Kontrola yako ya 10A haizibebi, weka ya 20A. Na usidanganywe na kontrola ndogo nyepesi iliyobandikwa MPPT (aina ya ghali inayovuna zaidi kutoka kwenye paneli) kwa bei ya PWM. MPPT ya kweli ina koili ndani, ukiishika ni nzito.

Paneli ielekee kaskazini kwa sababu mko kusini mwa ikweta, mwinamo wa nyuzi 15, mvua ioshe vumbi. Kivuli cha tawi moja la mwembe kwenye kona kinaweza kukata nusu ya nguvu.

Mwl_Namtumbo

Nimewaelewa vizuri mno. La mwisho: shule wanataka kunipa printa. Ile inveta ya 300W itaibeba?

Dada_Voltaji

Ya wino, ndiyo, nyingi hazizidi 30W zikichapa. Iwashe inveta wakati wa kuchapa tu, mchana. Ya leza usiijaribu. Ina hita ya kuyeyushia unga wa wino, inavuta mamia ya wati kila karatasi inapopita, na inveta itakata au kuungua.

Unapofunga upya, anza na betri kwenye kontrola, kisha paneli, kisha mzigo. Ukifungua, kinyume chake. Kwenye chanya ya betri weka fyuzi mbili, zote zisizidi sentimita 20 kutoka kwenye kichwa: 15A kwa njia ya kontrola, 40A kwa inveta. Waya wa inveta uwe 10mm². Kama chaja ya gari inaingia kwenye soketi ya kiberiti, ishike baada ya dakika 20. Ikiwa ya moto, mguso ni mbaya: badilisha soketi, maana ikiendelea hivyo plastiki inayeyuka.

Mwl_Namtumbo

Sawa dada. Kesho naazima chaja ya USB-C ya 65W kwa mwalimu mwenzangu nijaribu tundu, majibu nayaweka hapa.