Makopo Matano Kabatini

Kikundi: Nyumba ya Limbani, Wete

JUMATATU USIKU

Hamad (Dar es Salaam): Assalaamu alaykum nyote. Khamis ametuma picha ya dari inayovuja, lakini macho yangu yameishia kwenye kabati lililo chini yake. Nimehesabu makopo matano ya maziwa ya lishe ambayo hayajafunguliwa. Nilituma manane, na leo umetimia mwezi mmoja. Dada Zuwena, naomba kujua Baba anakunywa nini.

Zuwena (Wete): Wa alaykum salaam. Baba anakunywa, Hamad. Namtengenezea glasi mbili kila siku, ila siku anapoamka na kichefuchefu huwa moja. Kama unadhani makopo nayauza, panda meli uje uyalinde.

Hamad: Sikukusudia hivyo, Dada, na kama maneno yangu yamekaa vibaya naomba radhi. Ninachokijua ni kwamba kabla ya kuugua Baba alikuwa na kilo 61, na kliniki iliyopita mizani imesema 52.

Ami Faki (Chake Chake): Wanangu, kikundi hiki ni cha kujuliana hali, si mahakama. Binti yangu Salma yumo humu na kazi yake ni lishe. Tumwache aulize yeye. Nawashukuru pia kwa kuandika sentensi kamili, maana wiki iliyopita mmoja wenu aliniandikia herufi tatu na hadi leo sijajua kama ilikuwa salamu au taarifa ya msiba.

Salma (Unguja): Shikamoo Baba, shikamoo Dada. Kushuka kutoka kilo 61 hadi 52 ndani ya miezi mitano ni kupoteza karibu asilimia 15 ya uzito. Sisi huanza kushtuka mtu anapopoteza zaidi ya asilimia 10 katika miezi 3 hadi 6 bila ya kukusudia. Mtu aliyetoka kwenye mionzi ya koo na dawa za saratani mara nyingi hawezi kurudisha uzito huo kwa chakula cha sahani peke yake, ndiyo maana daktari akaandika maziwa haya kama alivyoandika vidonge. Dada, nieleze tafadhali: unatia vijiko vingapi, maji kiasi gani, unampa saa ngapi, na kwa chombo gani?

Zuwena: Natia vijiko vitatu vya kile kijiko kilichomo ndani ya kopo, kwa glasi nzima ya maji. Maandishi yanasema sita, lakini ukitia sita kopo halimalizi siku nne, na bei yake sote tunaijua. Nampa mara tu baada ya chakula cha mchana na tena alasiri, kwenye ile glasi ndefu ya kioo.

Salma: Ahsante kwa kusema kweli, Dada, kwa sababu nyumba nyingi zinafanya hivyo na hazisemi. Kopo lenu ni la gramu 400. Vijiko sita katika maji yasiyozidi mililita 195 hutoa glasi moja yenye kilokalori zipatazo 230 pamoja na protini, vitamini na madini yake. Ukitia vitatu, glasi inajaa na macho yanaridhika, lakini ndani yake mna nusu tu, na tumbo la mgonjwa limeshachukua nafasi yote kwa maji. Nimepiga hesabu: makopo matatu mliyoyafungua yalitosha glasi 22 kamili, na kwa mwezi zilitakiwa 60. Hata kama kila tone limepita kooni mwa Baba Mkubwa, amepata kama theluthi moja ya alichoandikiwa.

Hamad: Basi kosa ni langu pia. Nilituma makopo kama mtu anayetuma saruji, nikadhani nyumba itajijenga. Sikuuliza hata mara moja yanavyotumika.

Zuwena: Tuseme kweli yote. Wajukuu nao wanachota unga mkavu wakauramba, nami siwezi kukaa mlangoni mwa kabati mchana kutwa. Isitoshe kuna jirani aliyekuja kumtazama Baba akamwambia kuwa utamu hulisha saratani, na tangu siku ile Baba huiangalia glasi kwa jicho la pembeni.

Salma: Hilo la sukari nalisikia kila wiki. Chembe zote za mwili hutumia sukari, za saratani na zilizo nzima, na hakuna ushahidi kwamba kumnyima mgonjwa chakula kitamu kunaufisha uvimbe. Kinachoonekana wazi ni kwamba mgonjwa anayeendelea kukonda huyastahamili matibabu kwa shida zaidi, na wengine hulazimika kuyasimamisha. Angekuwa na kisukari au maradhi ya figo tungelizungumza vyengine, lakini Baba Mkubwa hana hayo.

Ami Faki: Salma, naomba nikuulize kama mtu asiyejua. Wagonjwa wengine huyamaliza maziwa haya, au tunamtaka kaka yangu jambo lisilowezekana?

Salma: Linawezekana, Baba. Yako mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliyokusanya tafiti 46, na yalionesha kwamba kwa wastani wagonjwa hunywa kama asilimia 78 ya walichoandikiwa. Waliolazwa hospitali walikuwa kwenye asilimia 67, na walioko majumbani asilimia 81. Vinywaji vizito, vyenye nguvu nyingi katika ujazo mdogo, ndivyo vilivyonyweka zaidi. Kwa hiyo kuyapunguza makali kwa maji ni kwenda kinyume kabisa na njia. Lakini bado hatujajua kwa nini yeye mwenyewe hataki. Kuna mtu amemuuliza?

Zuwena: Namwambia anywe.

Salma: Dada, nakuheshimu, lakini kumwambia na kumuuliza ni mambo mawili.

Khamis (Wete): Shikamooni wazee wangu. Babu aliniomba nisiseme, lakini naona sasa kunyamaza ni kosa. Glasi ya alasiri huwa anaimwaga kwenye shina la mlimau ulio karibu na baraza. Ndiyo maana Mama anaikuta tupu.

Zuwena: Nami nilikuwa nausifu mlimau mwaka huu.

JUMATANO USIKU

Ami Faki: Assalaamu alaykum. Jana nilipanda gari la asubuhi hadi Wete, na nimekaa na kaka yangu tangu saa nne hadi adhana ya magharibi. Sikumtajia maziwa hadi alipoyataja yeye. Nitawaandikia kwa urefu, na asiyependa urefu avumilie.

Ameniambia kwanza kwamba tangu mionzi, kila kitu kitamu kinamwachia ladha ya msumari mdomoni, na kwamba midomo na ulimi huwa vinamchoma kinywaji kikiwa cha moto. Zuwena amekuwa akimtengenezea kwa maji ya moto kwa kumwonea huruma. Pili, glasi ya mchana inamkuta ameshashiba wali vijiko vinne, kwa hiyo anaiona kama adhabu. La tatu alilisema kwa taabu, akitazama upande wa njia. Alasiri ndipo wenzake wanapokuja barazani, watu aliokuwa akichuma nao karafuu na kucheza nao bao tangu ujana, na wao wanashika vikombe vya kahawa hali yeye ameshikishwa glasi ndefu ya maziwa ya kopo kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mmoja alimtania, kwa nia njema bila shaka, na siku hiyo ndiyo mlimau ulipoanza kunyweshwa.

Jambo la nne linakuhusu wewe, Hamad. Aliiona karatasi ya bei iliyobandikwa kwenye kopo, akapiga hesabu ya mwezi mzima, akaona anakula ada za skuli za watoto wako.

Hamad: Ami, nimelisoma hili mara tatu. Nitampigia simu kesho baada ya alfajiri nimwambie mwenyewe kuhusu ada, na karatasi za bei nitazibandua kabla ya kutuma.

Zuwena: Miezi yote hii nalala chumba cha pili na sikulijua hata moja. Mimi nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Salma: Usijilaumu, Dada, wanaume wa umri wake hawalisemi hilo kwa binti. Baba, umefanya kazi ambayo mimi kwa simu nisingeliiweza. Sasa nasema ninavyoona, na mtanisahihisha nyinyi mlio naye.

Kahawa yenyewe ndiyo dawa. Kijikombe cha kahawa kinachukua kama mililita 60. Mtengenezeeni glasi yake kwa vijiko sita kamili, kwa maji yaliyochemka kisha yakapoa, na mtie kahawa chungu kidogo ndani yake, kwa sababu uchungu huo huvunja utamu na ile ladha ya chuma. Kipoze kwenye friji, kwani baridi hutuliza mdomo unaochoma na hupunguza harufu. Kisha apewe kijikombe kimoja kimoja mchana kutwa: kimoja kila anapomeza vidonge vyake, viwili barazani pamoja na wenzake, na vyengine kati ya milo, si juu ya mlo. Vijikombe vinane ni glasi zake mbili. Hospitali nyingi huwapa wagonjwa hivi hivi, kidogo kidogo wakati wa dawa, na wengi humaliza bila ya kuhisi kwamba wamelishwa.

Hamad: Na kama umeme ukikatika?

Salma: Atengenezewe kidogo kidogo. Kilichokorogwa kikikaa kwenye baridi hufaa kwa saa 24, lakini kikikaa nje zaidi ya saa 4 kimwagwe, na safari hii mlimau una haki yake. Kopo likishafunguliwa lifunikwe vizuri, liwekwe pakavu, na limalizwe ndani ya wiki tatu. Siku atakayochoka na ladha hiyo, kijiko cha unga kinaweza kutiwa ndani ya uji wa mchele uliokwisha kuepuliwa na kupoa kiasi, ila usichemshwe nao. Uji wenyewe upikwe kwa tui zito. Maziwa haya yanaongezwa juu ya chakula. Hayachukui nafasi yake.

Ninaloliogopa ni moja tu. Ikitokea siku tano mfululizo hakula karibu chochote, msimshindilie ghafla. Aonwe na daktari kwanza, kwa sababu mwili uliokaa na njaa ukilishwa kwa pupa, madini ya damu huvurugika na moyo ukaweza kudhurika.

Ami Faki: Khamis, wewe ndiye mwandishi. Tundika karatasi mlangoni mwa friji na uandike vijikombe vilivyonyweka, si vilivyomiminwa.

Khamis: Inshaallah, Babu Faki. Nimeshakipima kijikombe kwa kile kifuniko cha dawa ya kikohozi. Kimeingia vifuniko sita vya mililita 10, kama alivyosema Mama Mdogo Salma.

JUMATATU ILIYOFUATA

Khamis: Hesabu ya siku nne: Alkhamisi vijikombe vitatu, Ijumaa vitano, Jumamosi vinne kwa sababu alitapika asubuhi, jana vinane. Leo hadi laasiri ni sita, na cha saba amekishika sasa hivi barazani. Mzee mmoja ameonja akaomba na yeye cha kwake. Babu amemjibu kwamba hii imeandikwa na daktari, kwa hiyo akaugue kwanza.

Salma: Alhamdulillahi. Jumamosi pia ni nzuri. Siku za vinne zitakuwepo. Dada, mpime kila wiki siku ile ile asubuhi, kwa mizani ile ile, na unitumie namba hata kama haijapanda.

Hamad: Nitume makopo mengine mangapi?

Zuwena: Yaliyobaki yanatosha hadi wiki ya tatu, na kabati nimelitia kufuli. Tuma vijikombe vya kahawa, maana viwili vimevunjika na wageni wameongezeka.