Fahali mchanga: kamba ya kichwani, pete ya puani, au kumhasi?

Mleta mada: Ndugu wafugaji, nina fahali wa miezi 8 ninayetaka awe dume la mbegu. Huongozwa kwa kamba ya kichwani bila taabu, lakini siku hizi anapenda kunisukuma kwa kichwa. Je, nimtie pete puani, au niendelee na kamba peke yake?

Mfugaji Mkongwe: Kamba ndiyo inayofundisha, kwa sababu ndama akivutwa, kisha kamba ikalegezwa mara tu anapopiga hatua, hutambua kwamba kutii ndiko kunakomwondolea mkazo. Pete haifundishi kitu. Humpa tu mtu uwezo juu ya mnyama aliyemzidi nguvu, kwa kuwa sehemu ya ndani ya pua ina hisia kali. Mtie kati ya miezi 9 na 12, atobolewe na daktari wa mifugo, na usimvute kwa pete kabla kidonda hakijapona. Usimfunge kwa pete ukamwacha, maana akishtuka ataichana pua.

Daktari wa Zizini: Naafiki, ila mimi huko kusukuma kunanitia hofu zaidi. Huo si mchezo, bali anapima ubavu. Msimkune paji la uso wala msishindane naye. Je, alilelewa kwa chupa? Dume aliyekua mbali na ng'ombe wenzake huwaona binadamu kuwa ndio wenzake, na akikomaa hutaka kupigana nao.

Mleta mada: Ndiyo daktari, kwa chupa, na hukaa peke yake.

Daktari wa Zizini: Basi mchanganye na ng'ombe wakubwa mapema iwezekanavyo, wamfundishe adabu ya kundi.

Mama Ndama: Kwa historia hiyo, mimi ningemhasi na kutumia uhimilishaji, yaani majike wapandikizwe mbegu na mtaalamu bila dume. Upole wa mwaka wa kwanza si dhamana, kwani ukali mara nyingi hujitokeza anapokaribia miaka 2, na mafahali wa aina za ng'ombe wa maziwa wanajulikana kwa ukali kuliko wa aina za nyama.

Mfugaji Mkongwe: Mama Ndama amesema kweli, nami ningefuata ushauri wake. Ukiamua kubaki naye, usiingie zizini peke yako, na uache kwenye uzio upenyo ambao mtu hupita lakini fahali hapiti. Akisimama akikuonyesha ubavu huku amekunja shingo, au akiinamisha kichwa na kuparua ardhi, rudi nyuma taratibu ukimtazama. Usikimbie wala usimpe mgongo.