Ngozi mbichi za ngoma na kimeta: hatari iko wapi hasa?

FundiNgoma
Wadau, habari zenu. Mimi natengeneza ngoma hapa Kariokor, Nairobi. Ngozi za mbuzi nachukua Kiamaiko, kwenye machinjio, lakini zikipanda bei nanunua kwa mchuuzi anayezileta kutoka mashambani zimekauka kama bati. Hana maswali na mimi simuulizi.

Sasa kijana ninayemfunza kazi ametokwa na kipele mkononi. Kilianza kama kuumwa na mbu, kikamuwasha, kikawa lengelenge, na sasa katikati ni kidonda cheusi tititi na mkono umevimba. Ajabu ni kwamba hasikii maumivu. Jirani anasema ni buibui. Mteja mmoja amenitisha, eti ni kimeta, ule ugonjwa wa mifugo (anthrax). Ninavyojua, kimeta huwapata waliokula mzoga, na sisi hatujala chochote. Ngozi kavu inaambukizaje? Na atatuambukiza sisi wengine?

MkaguziMstaafu
Fundi, mpeleke kijana hospitali kwanza, haya mengine utayasoma kwenye foleni.

Nimekagua nyama machinjioni tangu ujana wangu. Bakteria wa kimeta akiwa ndani ya mnyama huzaliana tu, lakini damu ikimwagika ikakutana na hewa, hujivika ganda gumu, yaani spora. Ndiyo sababu ng'ombe akifa ghafla, tumbo limejaa na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na nyuma, hatumpasui. Ukimwachia ngozi yake, wengi wa bakteria hao huoza naye. Ukimchuna, umewapa hewa waliyokuwa wanaingoja.

Spora haijali jua wala chumvi unayoijua wewe. Waingereza walijaribu mabomu ya kimeta kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland, mwaka 1942, na kisiwa hakikutangazwa salama hadi 1990, tena baada ya udongo kunyunyiziwa dawa kali. Hapa kwetu, mwaka 2015, nyati zaidi ya 100 walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Mnyama hulamba udongo wenye spora au hung'oa nyasi na mizizi yake, basi, ameambukizwa.

Kwa binadamu, njia ya kawaida kabisa ni ngozi: mkwaruzo mdogo tu unatosha, na fundi gani wa ngoma hana mkwaruzo? Kula ni njia ya pili. Ya tatu ni kuvuta vumbi, na hiyo ndiyo ninayokuhofia wewe. Mwaka 2006 fundi wa ngoma huko New York aliugua kimeta cha mapafu kutokana na ngozi za mbuzi kutoka Afrika Magharibi. Huyo alipona. Wa London, mwaka 2008, alikufa. Hakuna aliyekula mzoga hapo. Walikwangua manyoya kwenye ngozi kavu, kazi unayoifanya kila siku.

Sista_Eastlands
Mimi ni muuguzi. Fundi, mkifika msiseme "kipele" mkanyamaza. Semeni: anakwangua ngozi mbichi za wanyama. Bila hayo daktari anaweza kufikiria jipu. Msikikamue wala kukikata, kifunikeni tu. Kimeta cha ngozi kikitibiwa mapema kwa antibiotiki ni nadra mtu kufa. Kikiachwa, kinaweza kuua mmoja kati ya watano. Watu hawaambukizani kwa kukaa pamoja au kukohoa. Usiguse majimaji ya kidonda, na bandeji isitupwe ovyo.

Na wewe mwenyewe ukipata homa na kifua kubana, usingoje asubuhi.

Kamau_wa_Choma
Wazee mnatisha watu. Kwetu ng'ombe akifa tunachemsha mpaka jioni na tuko hai.

MkaguziMstaafu
Kamau, kabla ya sufuria kuna kisu, na kabla ya kisu kuna mtu aliyechuna. Huyo ndiye niliyekuwa nikimkuta na kidonda. Halafu jina lako linasema choma, si chemsha.

FundiNgoma
Asanteni. Daktari alipoisikia kazi yetu alibadilika uso. Amechukua sampuli, kijana ameanzishiwa antibiotiki ya doksisaiklini, na wanasema watawajulisha watu wa mifugo. Nina gunia la zile ngozi za mchuuzi dukani. Nizichome?

MkaguziMstaafu
Usilifungue, usilikung'ute, usifagie hapo pakiwa pakavu, na usichome nyuma ya duka watu wakavuta moshi na vumbi. Funga mlango umngoje afisa wa mifugo. Kuliteketeza ni kazi yao. Jina la mchuuzi na alikotoa ngozi uwape pia, kwa sababu huko kuna zizi linalohitaji chanjo sasa hivi. Baada ya hapo nunua ya mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa. Ndiyo, ni ghali zaidi. Kwangua ikiwa imelowa, vaa glavu na barakoa ya kuzuia vumbi. Kuilowesha hakuui spora, kunapunguza tu vumbi la kuvuta.

FundiNgoma
Mchuuzi hashiki simu. Namba yake nimewapa.