Bakshishi na michango ya kaunta Mwanza: nani apewe, kiasi gani, na pesa inaishia wapi?

Mkazi_Igoma
Wakuu, habari za humu. Wageni sita wanatua Mwanza mwezi ujao, wanne ni Wamarekani na wawili ni Watanzania wanaoishi huko huko. Kila mmoja ana lake: huyu anasema ni lazima kuacha asilimia 20 kila mahali, yule anasema bakshishi Bongo ni kuharibu watu. Naomba majibu ya vitendo, mawaidha yakae pembeni.

Kwenye hoteli na baa za kando ya ziwa mtu aache shilingi ngapi, na aipitishe wapi: mkononi, lipa namba au kadi? Soko la samaki la Mwaloni Kirumba, stendi ya Nyegezi na kwenye boti, nani wa kupewa asante na nani wa kulipwa? Na hili la keshia wa supamaketi kuuliza "nizungushe iwe elfu kumi na tisa, inayozidi iende kwa watoto?" huku foleni inakutazama mgongoni, mtu anajibuje? Hiyo pesa huwa inafika?

HesabuZaHoteli
Asilimia 20 ina kwao. Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, ingawa majimbo kadhaa yameweka vyao vya juu. Kinachobaki anategemewa mteja akijazie. Ndiyo maana kule kuinuka mezani bila kuacha kitu kunaonekana dhuluma. Kwetu kima cha chini kinapangwa kwa sekta, na bakshishi haihesabiwi kuwa sehemu yake. Wageni waambiwe hivyo mapema, vinginevyo watatoa kwa hofu badala ya kutoa kwa kuridhika.

Kwa Mwanza: hoteli na migahawa ya hadhi ya Capri Point, asilimia 5 hadi 10 ya bili inatosha kabisa. Mgahawa wa kawaida mjini, 500 au 1,000 kwa meza. Mbeba mabegi hotelini 1,000 hadi 2,000, na msafisha chumba kiasi hicho hicho kwa usiku, ila yake iwekwe juu ya mto kila asubuhi, kwa sababu zamu zinabadilika na aliyefagia Jumatatu siye utakayemkuta Alhamisi. Kwa mama lishe hakuna anayetegemea kitu. Kabla ya kutoa, soma chini ya bili: hoteli chache huweka tozo ya huduma. Ikiwepo, mmeshalipa.

Sasa njia ya kupitisha, na hapa ndipo wengi wanapotea. Lipa namba ni ya biashara. Bili ikiwa 46,000 ukatuma 50,000, ile 4,000 inaingia kwa mwenye mali pamoja na mauzo. Mhudumu ataipata kama bosi ana daftari la bakshishi na ana moyo. Isitoshe risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) inasoma 46,000 wakati simu inasoma 50,000, na mhasibu jioni hajui ile tofauti ni nini. Kadi ni hivyo hivyo, tena pesa yake inafika benki baadaye ikiwa imekatwa kamisheni. Lipa bili kwa njia yoyote, bakshishi toa taslimu mkononi.

Kumtumia mhudumu kwenye namba yake ya simu inawezekana, ila kwa 1,000 haina maana, maana wewe unakatwa kutuma na yeye anakatwa kutoa. Kama ni 5,000 kwenda juu, sawa, weka na ya kutolea. Na angalia kinyume chake: mhudumu akikwambia ulipie BILI kwenye namba yake binafsi, kataa kwa upole uombe lipa namba ya duka.

Dola: waache. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, na hata ukiita zawadi, mhudumu anabaki na noti ya dola moja ambayo akiipeleka kubadilisha anapewa bei ya chini au anarudishwa nayo. Sarafu za dola ndizo hazibadilishwi kabisa. Wabadilishe uwanjani au mjini, watoe shilingi.

MamaWaJiko
Mkuu hapo juu kamaliza la hoteli, ila baa za ziwani zina lao. Sehemu nyingi jiko limekodishwa. Vinywaji ni vya mwenye baa, sato na ugali ni vya mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana mnaletewa bili mbili na wageni wanadhani wanaibiwa. Ukimpa dada wa vinywaji 5,000, aliyesimama mbele ya mkaa dakika arobaini akigeuza sato wenu haipati hata harufu. Mkitaka kumshukuru, mwiteni au pitieni jikoni mkiondoka, 1,000 au 2,000 inatosha.

Dada wa vinywaji naye mara nyingi anachukua bia kaunta kwa hesabu inayoandikwa jina lake. Usiku ikipungua ni shoti yake, anailipa. Kwa hiyo usimchanganye kwa kutupa noti mezani bila kusema. Mwambie wazi: "Hii bili, hii yako."

Kwa wenye migahawa mnaosoma hapa: kama mnakusanya kapu la pamoja, gaweni kwa pointi na kila wiki, msisubiri mwisho wa mwezi. Mfano, mhudumu pointi 3, mpishi 2, msafisha vyombo 1. Wahudumu 4, wapishi 3, wasafisha vyombo 3, jumla pointi 21. Wiki ikileta 84,000, pointi moja ni 4,000: mhudumu anaondoka na 12,000, mpishi 8,000, msafisha vyombo 4,000. Kapu hufa kwa sababu mbili tu, meneja kujiweka kwenye mgao na hesabu kufanyika mlango ukiwa umefungwa.

Mwaloni_Alfajiri
Mwaloni hakuna bakshishi, kuna kazi na bei. Kupara magamba na kutoa matumbo ni kazi ya mtu, si ya muuza samaki, na inalipwa kwa samaki au kwa kilo. Patana kabla kisu hakijagusa samaki, sema pia kama unataka apasuliwe au aachwe mzima, na simama hapo hapo mpaka amalize, maana samaki wanafanana. Kubeba hadi kwenye gari ni malipo mengine. Barafu na boksi la kusafirishia, mengine. Mfuko nao unanunuliwa. Ile ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo kijana anayewafuata na mifuko anauza, haombi.

Stendi za Nyegezi na Nyamhongolo, wapagazi watashika begi kabla hujafungua mdomo. Ukiona mkono umeshashika, taja bei hapo hapo au uchukue begi lako. Ugomvi wote wa stendi unatokana na mzigo uliobebwa bila bei, ukifika kwenye basi inageuka elfu tano. Bodaboda na bajaji ni bei ya kupatana, ukimwachia chenji ni hiari. Konda wa daladala hapewi kitu juu ya nauli. Yeye ndiye wa kudaiwa chenji.

Boti ya hifadhi ya kisiwa cha Saanane: viingilio vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, havilipwi taslimu, vinalipwa kwa kadi au kontroli namba. Anayetaka kumshukuru nahodha au muongozaji atoe mwisho wa safari, kando, bila kuchanganya na kiingilio. Gari likiegeshwa mjini, ada ya maegesho nayo ni ya kontroli namba. Kijana anayesema "nakuangalizia gari bosi" ni mwingine kabisa, yeye 500 au 1,000 mkirudi. Mkirudi, si mkishuka!

Keshia_Droo2
Nijibu la kaunta, maana hapo juu limerukwa.

Mnaita yote "mchango" lakini kaunta kuna vitu vitatu tofauti. Kuna nyongeza inayoingizwa kwenye mashine, mfano bili 18,650 inazungushwa 19,000 na 350 inakwenda kwa mradi. Kuna boksi lililowekwa kaunta, unatumbukiza mwenyewe. Halafu kuna keshia ambaye hana 350 kwenye droo, kwa hiyo anakupa pipi, kiberiti, au anakwambia "tuwachangie watoto". Hiyo ya tatu ni chenji yako iliyokosekana. Inatokea kwa sababu droo ilifunguliwa asubuhi bila sarafu za 50, 100 na 200. Sema "naomba chenji yangu, nitasubiri", au ongeza 150 mfukoni upewe 500 kamili: 18,650 ukitoa 19,150, keshia anarudisha sarafu moja. Wengi wetu tunalipenda hilo.

Kwa nyongeza ya kwenye mashine, omba kuona inavyosomeka kwenye risiti. Mchango si bidhaa. Uandikwe peke yake, nje ya jumla inayotozwa kodi. Keshia akiupiga kama "bidhaa nyinginezo" unahesabiwa mauzo, unakatwa VAT, na watoto wanapata pungufu ya ulichotoa. Ukiona hivyo mwite msimamizi kabla risiti haijafungwa, kwa sababu kufuta risiti ya EFD baadaye ni usumbufu na keshia ndiye atakayeandika maelezo.

Kuna wanaosema duka linapunguziwa kodi kwa pesa za wateja. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inamruhusu mfanyabiashara kutoa kwenye hesabu zake michango ya hisani isiyozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara, lakini hiyo ni michango ya kutoka kwake. Yenu ameibeba tu. Duka likikabidhi hundi kubwa mbele ya kamera, ni halali kuuliza: ya wateja ni kiasi gani humo, na ya duka ni kiasi gani?

Boksi la kuaminika lina jina kamili la taasisi, namba ya usajili, kufuli, na karatasi ya kiasi kilichotolewa mara ya mwisho na tarehe. Linafunguliwa mbele ya watu wawili, mmoja wa duka na mmoja wa taasisi, wote wanasaini daftari. Kopo la plastiki lililokatwa tundu, lenye picha ya mtoto mgonjwa na namba ya simu, lipite. Ukiwa na huruma nalo, anza kutuma kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa silo lililoandikwa kwenye kopo, ishia hapo.

Kukataa ni maneno matatu: "Leo hapana, asante." Hakuna keshia anayenuna. Tumeagizwa kuuliza kila mteja, na wengi wanakataa.

Bugarika_Mlimani
Naongezea kwenye usajili. NGO husajiliwa chini ya sheria ya 2002 na hupewa cheti chenye namba. Lakini taasisi ya dini au chama cha kusaidiana kinaweza kuwa chini ya Sheria ya Jumuiya, au wadhamini wake wameandikishwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kwa hiyo kukosa namba ya NGO peke yake si ushahidi wa utapeli. Uliza wameandikishwa wapi. Makao ya watoto lazima yawe na leseni, na afisa ustawi wa jamii wa Jiji au wa Manispaa ya Ilemela ndiye wa kuulizwa kama kituo kipo kweli.

Na kwa Waislamu: ukitumbukiza kaunta hesabu kuwa ni sadaka. Zaka ina makundi yake manane ya wanaostahili kupewa na inataka nia, usiifidie kwa chenji ya supamaketi.

Mzee_wa_Kayenze
Mimi bado nasema mnawaharibu vijana. Mtu analipwa mshahara, bakshishi ya nini?

HesabuZaHoteli
Mzee wangu shikamoo. Hakuna anayelazimishwa. Kinachoharibu ni kutoa kabla ya huduma na kutoa kupita kiasi. Mgeni akiacha 40,000 kwenye bili ya 60,000, kesho meza ya wenyeji inasahaulika kona. Hilo nakubaliana nawe. Asilimia 5 kwa aliyehudumu vizuri haijawahi kumharibu mtu.

Mkazi_Igoma
Wabeja sana wakuu. Mawili ya mwisho. Mmoja wa wageni ni mzee, anaweza kuhitaji hospitali. Nesi naye anapewa? Na noti ndogo za kutoa hizi elfu moja moja zinapatikana wapi, maana ATM zinatema elfu kumi tu.

Bugarika_Mlimani
Nesi wa hospitali ya umma, trafiki, karani wa ofisi yoyote ya serikali: hapana, hata iitwe chai, soda au nauli. Pale inaangukia Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, anayetoa na anayepokea wote wamo. Akiombwa, namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Wakitaka kushukuru wodi, waandike barua kwa mganga mfawidhi wamtaje nesi kwa jina. Inaingia kwenye faili lake.

Keshia_Droo2
Noti ndogo: usiende kwa wakala kuomba kuchenji bila muamala, atakwambia hana. Toa pesa kwake, na useme "nipe za elfu moja na elfu mbili" kabla hajaanza kuhesabu. Jioni ndiyo bora, ameshapokea za wauza maduka. Benki ukiingia dirishani asubuhi watakupa bunda la noti za 1,000 mia moja, ambalo kwa watu sita wa siku kadhaa litawatosha. Sarafu za 500 chukua kidogo tu, zinachana mifuko.