Breki ya diski inasugua, duka linakuuzia pedi: wenye baiskeli Nairobi tumechoka kuibiwa

Wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kuna maduka ya baiskeli hapa Nairobi, tena yale yenye milango ya vioo na risiti za kuchapishwa, ambayo yamefanya kalipa iliyokaa upande (kalipa ni kile kifaa kinachoshika pedi za breki na kuzibana kwenye diski ya gurudumu) kuwa mradi wa kuuzia vipuri. Mteja anafika akisema breki ya nyuma inasugua. Gurudumu halizungushwi, hakuna anayeinama kutazama, ila anaambiwa papo hapo kwamba pedi zimekwisha. Analipa, na baiskeli inafika nyumbani ikisugua vilevile. Akirudi anaambiwa diski imepinda, naye analipa tena. Akizidi kulalamika, baiskeli inaingizwa ndani, inapuliziwa kitu kutoka kwenye kopo, na kelele inanyamaza kwa muda wa kutosha tu kumtoa mlangoni. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwa kuwa kinachozungumziwa hapa ni breki, ni kuhatarisha maisha ya mtu.

Yalinipata mimi. Baiskeli yangu ni ya milimani, ina breki za haidroliki, yaani zinazobana kwa msukumo wa mafuta badala ya waya, na huiendesha msitu wa Karura na kwenye vilima vya Ngong. Duka moja la upande wa magharibi wa jiji lilinibadilishia tairi la nyuma, na tangu gurudumu liliporudishwa mahali pake nikawa nasikia diski ikisugua bila kukoma. Nilipouliza, niliambiwa kwamba itazoea yenyewe. Ndugu zangu, breki ya diski haizoei! Pengo kati ya pedi na diski ni dogo sana, chini ya nusu milimita kila upande kwa baiskeli nyingi, kwa hiyo gurudumu likikaa upande kidogo tu, au kalipa ikasogea kidogo, chuma kitagusana na pedi mzunguko mzima na kitaendelea hivyo hadi mtu arekebishe.

Waliponiuzia pedi mpya, nilidai nipewe zile za zamani, nikapewa kwa shingo upande zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Ninazo hapa mezani ninapoandika. Moja imelika kwa mshazari: ukingo mmoja bado ni mnene, na ukingo wa pili umekwisha karibu kufikia bamba la chuma, kiasi kwamba ukiitazama kwa ubavu unaona umbo la kabari. Sikatai kwamba zilihitaji kubadilishwa, maana Shimano, watengenezaji wa breki, wenyewe wanasema pedi isitumike ikibaki unene wa nusu milimita. Lakini pedi iliyolika namna hiyo ni ushahidi kamili kwamba diski na kalipa hazikuwa sambamba. Fundi alikuwa na ushahidi huo mkononi mwake, akaupuuza, kisha akafunga pedi mpya katika kalipa ileile iliyokaa vilevile, ili nazo zianze kuliwa upande mmoja. Hapo ndipo damu inaponichemka. Kuuza kipuri si kosa. Kosa ni kuuza kipuri na kuacha kinachokiua palepale.

Diski niliyoambiwa imepinda pia ninayo. Niliilaza juu ya kioo cha meza na haikuyumba popote. Unene wake bado uko mbali na milimita 1.5, ambacho ndicho kiwango cha chini ambacho Shimano hukichapa kwenye diski zake. Mpya huwa na milimita 1.8 hivi. Nililipia diski nisiyoihitaji.

Kutofautisha kasoro hizi hakuhitaji mashine yoyote, kunahitaji masikio na subira ya dakika moja. Inua gurudumu na ulizungushe. Ukisikia msuguano unaoendelea mzunguko mzima bila kukatika, shuku kwanza jinsi gurudumu lilivyokaa na jinsi kalipa ilivyofungwa. Ukisikia mguso mmoja kila gurudumu linapomaliza mzunguko, hapo ndipo diski huenda imepinda sehemu moja. Kama kuna ukimya gurudumu likizunguka bure, lakini breki inapiga kelele kali ukiibana, tafuta mafuta kwenye pedi au bolti zilizolegea. Na kama inasugua tu unapopiga kona au unaposimama kwenye pedali kupanda mlima, kagua ekseli na beringi za haba, yaani kitovu cha gurudumu. Hizi ni hali nne tofauti zenye dawa tofauti, na duka linalotoza fedha za ufundi halina udhuru wa kuzijumlisha zote katika jibu moja la kununua pedi.

Kuhusu kile kilichopuliziwa, nitasema waziwazi kwa sababu hapa mtu anaweza kufa. Kilikuwa mafuta ya kulainishia. Kelele ilikoma kwa sababu pedi ziliacha kushika. Nikiteremka barabara ya murram kutoka Ngong nilibana breki ya nyuma, mkono wa breki ukawa mgumu kama kawaida, na baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo. Breki ya mbele ndiyo iliyoniokoa. Mafuta ya aina yoyote hayapaswi kukaribia diski, yawe ya mnyororo, ya kopo la kupulizia, au hata ya vidole vya fundi aliyetoka kushika gia. Diski iliyoingia mafuta huweza kusafishwa kwa spiriti safi ya isopropili na kitambaa kisicho na nyuzi. Pedi ni habari nyingine, maana nyenzo yake hunyonya mafuta hadi ndani. Wapo wanaojaribu kuipiga msasa, lakini ikishalowa sawasawa ni ya kutupwa. Kwa hiyo zile pedi mpya nilizouziwa na duka ziliharibiwa na duka lilelile, na hakuna aliyejitolea kunilipa.

Aliyemaliza tatizo ni fundi wa kando ya barabara, Kawangware, ambaye kazi yake kubwa ni kunyoosha rimu na kukaza spoki za baiskeli za mizigo, zile Black Mamba zenye breki za vyuma. Hakugusa kalipa kwanza. Alilegeza wenzo wa ekseli ya nyuma, akasimamisha baiskeli kwa magurudumu yake yote mawili, akaikandamiza kiti kwa kiganja, na gurudumu likashuka mahali pake. «Mkubwa, hili gurudumu lilifungwa likiwa halijakaa,» akaniambia. «Ekseli ilikuwa imeegemea upande mmoja.» Baada ya hapo aliweka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa, akamulika kwa tochi ya simu, na mimi mwenyewe nikaona: upande wa kulia mwanga mwembamba ulipita kati ya diski na pedi, upande wa kushoto hakuna. Karatasi na tochi! Duka lenye stendi za kisasa na spana za kila aina halikuwahi kufanya hata hilo.

Sasa naandika utaratibu wenyewe kwa ukamilifu, ili asiwepo mtu atakayedanganywa tena kwa kutojua.

Anza na gurudumu, daima. Kama ekseli yako ni ya wenzo wa kufungua haraka, uifungue na uifunge baiskeli ikiwa imesimama chini, si ikiwa imening'inia wala imegeuzwa miguu juu, ili uzito wa fremu uikalishe ekseli hadi mwisho wa nafasi zake. Kugeuza miguu juu baiskeli ya haidroliki kuna hatari nyingine, kwa maana kama kuna hewa kwenye tangi dogo la mkono wa breki, hupata nafasi ya kuingia kwenye mpira wa mafuta, nawe ukabaki na mkono laini usiobana kitu. Kagua pia bolti sita zinazoshikilia diski kwenye haba, ambazo kwa kawaida hufunguliwa kwa bisibisi ya nyota ya T25. Ikiwa moja imelegea, kila utakalofanya kwenye kalipa ni bure.

Kalipa hushikwa na bolti mbili, na matundu yake ni marefu kidogo ili iweze kusogea kushoto na kulia. Zilegeze bolti hizo kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, mpaka kalipa itikisike kwa mkono, lakini zisitoke. Zungusha gurudumu, kisha bana mkono wa breki kwa nguvu na uendelee kuubana. Pedi zitaikamata diski, na kalipa itajisogeza yenyewe hadi katikati. Ukiwa bado umebana, au mwenzako akiwa amekubania, kaza bolti kwa zamu, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule. Ukiikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, kichwa cha bolti huiburuta kalipa na kuipindisha, na hilo ndilo kosa ninaloliona kwa mafundi wenye haraka. Kwa breki nyingi kipimo cha kukaza ni kati ya nyutoni mita 6 na 8. Achia mkono, zungusha gurudumu, tazama mwanga kwa karatasi na tochi. Kama bado inagusa upande mmoja, legeza kidogo na uisogeze kalipa kwa vidole ukifuata macho yako. Usiweke kidole karibu na diski inayozunguka, kwa kuwa inakata kama wembe.

Wakati mwingine kalipa iko sawa, lakini pistoni moja, kati ya zile zinazosukuma pedi, ni nzito na haitoki sawa na mwenzake, hivyo diski inasukumwa upande mmoja. Hapo toa gurudumu na pedi, safisha pistoni, uzirudishe ndani kwa kifaa cha plastiki cha kung'olea tairi, si kwa bisibisi, kwa sababu bisibisi huikwaruza au kuivunja pistoni ya kauri. Pistoni hurudishwa ndani vivyo hivyo kila zinapofungwa pedi mpya, kwa kuwa pedi mpya ni nene kuliko zilizolika. Kwenye baiskeli mpya za bei nafuu kuna pia tatizo la rangi nene iliyoachwa kwenye vishikizo vya fremu. Kalipa inakaa juu ya rangi isiyo sawa na haitakaa wima hata ukikesha ukiirekebisha, mpaka nyuso hizo zisawazishwe kwa kifaa chake maalumu.

Wenye breki za diski za waya, ambao ndio wengi kwa baiskeli za mitumba, wasikilize kwa makini, kwa kuwa njia hiyo ya kubana na kukaza peke yake haiwafai. Katika kalipa nyingi za waya, pedi ya nje tu ndiyo inayosogea na kuisukuma diski kuelekea pedi ya ndani ambayo imetulia. Kwanza sogeza pedi ya ndani kwa skrubu yake hadi iguse diski, ndipo ubane mkono na kukaza bolti za kalipa, halafu uirudishe pedi ya ndani nyuma kidogo hadi mlio ukome. Fundi akilegeza waya ili kelele iishe, amekupunguzia breki, hajairekebisha.

Na kabla hujamruhusu mtu aongeze mafuta ya haidroliki, mwulize ni ya aina gani. Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM za miaka iliyopita hutumia mafuta ya DOT, jamii moja na yale ya magari. Ukichanganya, mipira ya ndani huvimba na breki nzima huharibika. Nimesikia kwa masikio yangu kijana wa duka akisema mafuta ni mafuta tu.

Simlaumu fundi wa mtaani ambaye hajawahi kushika kalipa na akasema hivyo kwa uaminifu. Ninaowalaumu ni wenye maduka wanaotoza bei ya utaalamu, wakawaweka vijana kazini bila kuwafundisha, na wakawapa shabaha ya kuuza vipuri. Ninachodai si kikubwa. Kila baiskeli inayotolewa gurudumu izungushwe na kusikilizwa mbele ya mteja kabla hajalipa. Kipuri kilichotolewa kikabidhiwe mteja bila kuombwa. Kopo la mafuta liwe mbali na diski. Kwa upande wangu, nimelipeleka dukani dai la maandishi la kurudishiwa bei ya diski na ya pedi walizozipaka mafuta, pamoja na picha za vipuri vya zamani, na jibu likija nitaliweka hapa lilivyo.

Mwenye pedi zilizolika kwa mshazari aweke picha kwenye uzi huu, aseme aliambiwa nini dukani na alilipishwa kiasi gani, lakini bila kutaja majina ya vijana wa kazi.