Majukwaa ya wingu ya kupandisha programu: tupeane uzoefu, lipi lilikufaa na lipi lilikutesa?

Fundi Msimbo:
Wakuu, salaam. Kuna kijana kaniuliza apandishe wapi programu yake ya kwanza, nikakumbuka enzi za Heroku ya bure, jukwaa linaloendesha programu yako kwenye seva zao. Unasukuma msimbo kwa Git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo), unaweka Procfile (faili linalosema programu iwashwe vipi), punde programu iko hewani. Novemba 28, 2022 bure ikafungwa, tukatawanyika: Render, Railway, Fly.io, Cloud Run. Semeni yaliyowakuta, hasa nyie mnaoendesha modeli za kukadiria kutokana na data, maana mtu wa tovuti na mtu wa data hawahitaji kitu kimoja.

Nyota Njema:
Nipo Render. Huduma ya bure inalala ikikaa dakika 15 bila mgeni, na kuiamsha kunachukua muda. Kwa kujifunzia inatosha kabisa.

Bin Data:
Mkuu umenitonesha kidonda. Timu yetu ilirithi programu kutoka kwa mtu aliyekwisha kuondoka. Watumiaji wanapakia majedwali yao, modeli inakadiria, ripoti inahifadhiwa kwenye folda ya programu yenyewe. Basi ripoti zikaanza kupotea. Jioni zipo, asubuhi hakuna hata moja. Tukabadilisha manywila tukidhani tumeingiliwa, bado zinapotea. Ikafika mahali kijana mmoja wa timu akaanza kushukiwa, kwa sababu tu yeye ndiye alikuwa wa mwisho kutoka. Aliitwa akahojiwa kama mwizi. Aliyemwokoa ni dada mmoja aliyekesha na logi (rekodi za matukio ya programu): kontena, yaani kasha ambamo programu inaendeshwa, inazimwa na kuwashwa upya, na kila ikiwaka diski yake inaanza tupu. Hakuna aliyefuta kitu! Tukahamishia mafaili kwenye hifadhi ya nje na kumbukumbu kwenye hifadhidata ya Postgres. Ripoti za nyuma hazikurudi.

Dada Modeli:
Yule kijana aliombwa radhi?

Mzee wa Seva:
Ndiyo maana nasema kila siku, chukua seva tupu, weka Dokku (Heroku ndogo unayoisimamia mwenyewe), diski ni yako na hakuna wa kukuzimia. Majukwaa haya yanawalemaza vijana.

Nyota Njema:
Mzee, na viraka vya usalama ataweka nani? Nakala rudufu za hifadhidata je? Mtu wa takwimu umgeuze mlinzi wa seva?

Mzee wa Seva:
Masasisho yanajiendesha yenyewe ukiyapanga. Ukishindwa hata hilo, uza kompyuta.

Nyota Njema:
Nakala rudufu hujajibu.

Fundi Msimbo:
Jamani, tusigombane. Diski kufutika si ajabu. Heroku huwasha upya kila dyno (ndivyo wanavyoita kontena zao) angalau mara moja kwa siku, na nyaraka zao zinasema hivyo wazi. Ambalo halifai ni kumhoji binadamu kabla ya kusoma logi.

Dada Modeli:
Bado nasubiri habari za kijana. Wakati nasubiri, yangu ni haya. PyTorch, maktaba ya kuunda modeli, ikija na maktaba za GPU (kichakata michoro) ni nzito mno, na Heroku kifurushi cha programu kina kikomo cha ukubwa. Sakinisha toleo la CPU (kichakata cha kawaida), au tumia kontena. Pia pale ombi lisipoanza kujibiwa ndani ya sekunde 30 linakatwa, wakati Cloud Run inaanzia dakika 5 na unaweza kuiongeza hadi 60. Kazi ndefu iweke kwenye foleni, mteja apewe namba ya kufuatilia. Ukitaka kuwaonyesha watu modeli tu, nenda Hugging Face Spaces au Streamlit, zimetengenezwa kwa maonyesho kama hayo, usijisumbue.

Mzee wa Seva:
Cloud Run hiyo hiyo ikipata wageni wengi inazaa kontena, na bili inazaa nayo.

Dada Modeli:
Hapo uko sahihi, mzee wangu. Tahadhari ya bajeti ya Google Cloud inakutumia ujumbe tu, haizimi kitu. Weka kikomo cha idadi ya kontena siku ya kwanza.

Nyota Njema:
Mimi naweka kontena moja isilale kamwe. Modeli kubwa ikipakiwa upya kila mgeni anapokuja, wageni wanakimbia.

Dada Modeli:
Hiyo unailipia hata usiku watu wamelala. Iache ilale, punguza ukubwa wa modeli.

Bin Data:
Samahani wakuu, nilitoka kidogo. Aliombwa radhi, mbele ya timu nzima. Hakukaa, akahama. Dada wa logi ndiye kiongozi wetu sasa, na hakuna programu inayopanda hewani kabla hajauliza: mafaili yanakaa wapi?